Sura ya 6: Hema chini ya paa la mwingine

Mashabiki wa TP Mazembe wanapojaza uwanja wao wa Kamalondo, ni wachache wanaokumbuka kwamba klabu hiyo ilitoka kwenye kundi la skauti. Mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliosimamia Institut Saint-Boniface mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikuwa na wanafunzi wasiokusudia upadri, na walitaka kuwapa shughuli. Wakawaundia kundi la skauti chini ya Mtakatifu Georges, na timu ya mpira iliyozaliwa humo ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul. Wamisionari walipojitoa, jina la matairi ya Englebert likachukua nafasi ya watakatifu. Mwaka 1967, na tena 1968, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika. Habari za hema zilikuwa zimekwisha zamani.

Tumezoea kudhani kwamba kikundi cha wapenda kambi hubadilika kwa sababu wanachama wanaoa, wanapata kazi, magoti yanaanza kuuma. Hayo yapo. Lakini huku Katanga, mageuzi makubwa yametoka mara nyingi kwa mwenye nyumba aliyekipa kikundi hifadhi, si kwa waliolala hemani.

Likasi, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa kuwa mji wenyewe ulijengwa na kampuni. Ulipoitwa Jadotville, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba na mgawa posho. Kuanzia mwaka 1928 kampuni iliacha desturi ya kuleta vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuishi na wake na watoto. Shule ikaziachia misheni. Ghafla makambi ya wafanyakazi yakajaa watoto. Kijana wa miaka 12 aliyetoka darasani bila shamba la kulima wala mbuzi wa kuchunga aliwatia wasiwasi padri na mkuu wa kambi kwa pamoja. Mpira ulikuwa jibu moja, skauti likawa la pili.

Mpango wenyewe wa skauti ulikuwa umejaribiwa na Robert Baden-Powell, yule afisa Mwingereza aliyekuja kuzikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Agosti 1907 alipeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, akawagawa katika vikosi vidogo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na ugunduzi wake. Hema wanajeshi na wachungaji walikuwa nalo tangu zamani. Kikosi cha watoto sita au wanane, chenye kiongozi wa rika lao, sufuria yake na jina lake, kinaweza kuishi popote na kuvumilia karibu lolote.

Shida huanza kikosi kinapofanikiwa. Watoto wanane wanafika mtoni kwa miguu na kula bukari (ugali) la unga uliotoka nyumbani. Wakifika 40 wanahitaji lori, dawa, magunia ya unga, blanketi za kukabili baridi ya Juni na Julai, na barua ya ruhusa. Hapo ndipo mfadhili anapotafutwa, naye haji mikono mitupu wala kichwa kitupu. Katika mji ambao lori ni la kampuni na kanisa linategemea kampuni, kambi haiwezi kufundisha kufunga mafundo peke yake. Inafundisha pia kuamka kwa filimbi, kujipanga mstari na kumtii mkubwa, na hayo yalimfaa sana mwenye kiwanda. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaita watu wa mkoa huu watoto walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Kisha baba alibadilishwa. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilikuwa mikononi mwa serikali, katika shirika ambalo baadaye liliitwa Gécamines, na mwaka huohuo Rais Mobutu akaanzisha chama cha MPR. Mwaka 1972 vyama vya vijana vya kidini vikapigwa marufuku ili kijana awe na chama kimoja tu, JMPR, tawi la vijana la MPR. Makundi yakapoteza jina na skafu. Ujuzi haukupigwa marufuku: anayejua kuongoza wimbo, kugawa zamu na kupika chakula cha watu 40 alipata kazi siku za salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja, kama alivyoipata kambini.

Aprili 1990 mfumo wa chama kimoja ulipokoma, kurudi kukawezekana. Nyumba ya kurudia ndiyo iliyokuwa inabomoka. Mgodi wa Kamoto wa Gécamines uliporomoka Septemba ya mwaka huo. Kampuni hiyo, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikalala kwa wiki na miezi kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni. Sijui namna ya kuandika kuhusu kambi katika mji huu bila kuitaja ile.

Anayetaka kupiga kambi leo hana lori la kampuni. Wenzake wanachanga kidogokidogo, kwa mazoea yaleyale ya likelemba, mchango wa kupokezana. Mahali pia pamesogea: miombo ya karibu imegeuzwa makaa, na tangu Sheria ya Madini ya 2002 ardhi nyingi ina mwenye kibali. (Shinkolobwe, ulikotoka urani wa bomu la Hiroshima, iko karibu, lakini kiongozi mwenye akili hapeleki watoto huko.) Ziwa Tshangalele linafikika, lakini maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu, yanadai safari na fedha.

Kikundi kinachojilisha hubadilika kwa njia yake. Ugomvi wa kwanza huwa juu ya vyombo: nani alikaa na turubai, sufuria imetoboka mikononi mwa nani. Ndipo daftari linanunuliwa. Katiba huja baadaye, kama ikija, kwa kuwa Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inataka chama kisicho cha faida kiwe na hati zake na kupita wizarani Kinshasa ili kitambuliwe. Kwa vijana 15 wenye hema tatu, ni rahisi zaidi kumwendea paroko, kumwomba chumba cha kuhifadhia vyombo, na kukubali kwamba tarehe ya kambi itapangwa naye.