Kisukari na Hofu ya Mtihani: Hali ya Mtahiniwa katika Meru na Embu

Utangulizi

Maradhi ya kisukari yamepata jina lake kutokana na sukari, na jina hilo limezaa dhana potofu kwamba kila anayeyaugua amekula sukari kupita kiasi. Dhana hiyo haina mashiko kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake imeziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Pasipo insulini ya kila siku hawezi kuishi. Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini mjini Toronto mnamo Januari 1922, alikuwa na miaka 14, umri wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Makala haya yanafafanua jinsi kijana kama huyo, katika shule za Meru na Embu, anavyoweza kusaidiwa anapoukabili mtihani wa KCSE.

Hofu na sukari

Mtu anapoingiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Homoni hizi hulifanya ini kuachilia sukari na hupunguza nguvu ya insulini. Aghalabu, basi, sukari ya mtahiniwa hupanda, naye hushikwa na kiu, uchovu na haja ndogo ya mara kwa mara. Hata hivyo, akijidunga insulini kisha hofu ikamnyima hamu ya uji wa asubuhi, sukari hushuka. Hapo ndipo penye hatari. Kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na mawazo kutawanyika ni dalili za sukari kushuka. Ni dalili za hofu pia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu haya ni ya mvua mbili. Msimamizi anayemwambia mtahiniwa atulie tu, huenda anampotezea dakika za kumwokoa asizirai.

Kanuni, basi, ni kupima kwanza. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, apewe takriban gramu 15 za sukari, mathalani vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa majini, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kipima sukari kikikosekana, apewe sukari vivyo hivyo. Akizirai, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitalini.

Mazingira ya Meru na Embu

Meru ni kitovu cha miraa, na Mbeere katika Embu ni nyumbani kwa muguka. Kijana anayetafuna ili akeshe akisoma hupungukiwa na usingizi na hamu ya kula. Kwa aliyekwisha kujidunga insulini, mlo ulioachwa ni mtego. Githeri ni chakula kizuri kwake kwa kuwa huachilia sukari polepole, ila kwa sababu iyo hiyo hakifai kumwokoa sukari ishukapo. Aidha, chupa ya insulini inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne penye ubaridi, kama miteremko ya Mlima Kenya. Katika joto la nyanda za Mbeere, huhitaji kuhifadhiwa, hata katika mtungi wa udongo uliolowa maji.

Maandalizi

Shule ijulishwe mapema ili mtahiniwa aruhusiwe kuwa na kipima sukari na glukosi, na kwenda msalani. Karatasi ya Fasihi ya Kiswahili huchukua saa mbili na nusu. Apime kabla ya kuingia. Mazoea hayo yaanze katika mitihani ya majaribio. Asiache insulini kwa kuogopa sukari kushuka, kwani ukosefu wake huweza kuleta sumu ya ketoni inayoua. Bwenini nako, wenzake wasimfanyie mzaha hata akalazimika kujidunga mafichoni.

Hitimisho

Kijana huyu hutahiniwa mara kadhaa kila siku, kidole kwa kidole. Mzazi anayeuliza kipimo kwa sauti ile ile anayoulizia alama humfundisha kudanganya katika yote mawili. Kipimo hakisifu wala hakilaumu. Huonyesha tu hatua inayofuata. Nyumba na shule zikilielewa hilo, kijana ataingia katika chumba cha mtihani akiwa na hofu moja tu, ile ya wenzake wote.