Asali Kwanza, Nyama Baadaye: Mlo wa Wahadzabe (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha Wamarekani wanaojilundikia nyama sahanini wakiamini kwamba ndivyo alivyokula binadamu kabla ya jembe. Leo tushuke Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Jumla yao ni elfu moja na ushee, na ni mia chache tu ambao bado riziki yao ni upinde na mti wa kuchimbia.

Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyewachunguza kwa miaka mingi, aliwataka wapange vyakula vyao kwa utamu. Asali ikashika nafasi ya kwanza kwa wote. Wanaume wakafuatisha nyama, wanawake matunda ya porini, na mizizi ikaburura mkia. Asali ni sukari, tena wenyewe huila na masega na majana yake. Basi anayedai kwamba ukale ulikuwa mnofu mtupu ana kesi ya kujibu.

Lakini ni huo mzizi usiopendwa unaonishughulisha zaidi. Usidhani ni kiazi cha sokoni. Hubanikwa kidogo, ukamenywa, ukatafunwa mpaka utamu uishe, kisha kapi likatemwa kama la muwa. Pamoja na kutema huko, Mhadzabe hupata gramu 100 hadi 150 za nyuzinyuzi kwa siku. Mmarekani wa kawaida hupata kama 15, na zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chake hutoka kwenye vyakula vilivyosindikwa mno viwandani. Mhadzabe hutwanga ubuyu pamoja na mbegu zake. Wetu wa mjini tumeupika kwa sukari na rangi, hata ulimi mwekundu unamchongea mtoto kwa mama yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa matumboni mwa Wahadzabe hupungua masika na kurudi kiangazi, jinsi chakula kinavyobadilika. Aghalabu ni hao hao wasioonekana tena katika matumbo ya watu wa nchi za viwanda.

Utasema wembamba wa Wahadzabe unatokana na kutembea. Ni kweli, wanaume hutembea kama kilomita 11 kwa siku. Ila mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia Wahadzabe mchana na usiku. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya Mmarekani anayeshinda kitini. Mwili unabana matumizi wapi? Hilo ni la wiki ijayo.

Itaendelea