Uwili: Kiebrania na Vitu vya Jozi

Kiswahili kina umoja na wingi, basi. Jicho likishapata mwenzake ni macho, na yakifika elfu bado ni macho. Zipo lugha zenye umbo la tatu, la vitu viwili tu, na wanasarufi huliita uwili. Kiarabu kinalo, Kislovenia pia, na Kisanskriti kilikuwa nalo. Msomaji wa Qurani hulisikia katika Sura ar-Rahman: swali linalorudiwa humo mara 31 limeulizwa kwa uwili, kwani wanaosemeshwa ni makundi mawili, majini na watu. Hata tafsiri ya Jalalayn imepata jina kwa akina Jalal wawili, al-Mahalli aliyeianza na as-Suyuti aliyeikamilisha.

Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, ila uwili wake umesinyaa. Mwarabu huweza kuutia karibu kwenye nomino yoyote, kisha kivumishi na kitenzi vikaufuata. Mwebrania ana kiambishi -ayim tu, na nomino zinazokipokea ni chache. Meza mbili atazitaja kwa wingi wa kawaida na kuongeza neno "mbili". Akisema macho mazuri, einayim yafot, nomino iko katika uwili na kivumishi katika wingi.

Mahali -ayim inapohesabu kwelikweli ni kwenye muda na tarakimu. Yom ni siku, yamim ni siku nyingi, yomayim ni siku mbili kamili, hazipungui wala hazizidi. Kadhalika shnatayim, miaka miwili, matayim, 200, alpayim, 2000.

Kwenye viungo vya mwili mambo hubadilika, na hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Yadayim ni mikono, raglayim miguu, oznayim masikio. Mtu atadhani ni kwa sababu viungo hivyo ni viwili viwili. Sasa afungue Isaya 6:2, penye maserafi. Kila mmoja ana mabawa sita, na Kiebrania kinasema shesh kenafayim: neno "sita" limekaa mbele ya umbo la uwili bila taabu yoyote. Katika Zakaria 3:9 kuna jiwe lenye macho saba, shiv'a einayim, na saba haigawanyiki hata kwa mbili. Meno nayo, yote yaliyojaa kinywani, ni shinayim. Kwa hiyo vitabu vinavyomwambia mwanafunzi kwamba -ayim maana yake ni "viwili" vinampotosha. Katika maneno haya kiambishi hakitaji idadi. Kinatambulisha vitu ambavyo kwa maumbile huja kwa jozi au kwa safu mbili, viwe vingapi viwavyo.

Neno ayin linalithibitisha hilo vizuri. Lina maana mbili, jicho na chemchemi. Likiwa jicho, huenda kwenye uwili, einayim. Likiwa chemchemi, huchukua wingi wa kawaida, ayanot, hata chemchemi zikiwa mbili tu.

Mantiki hiyohiyo imeingia kwenye mavazi na vyombo. Suruali ya kitani ya makuhani katika Kutoka 28 tayari ina uwili, na hadi leo suruali ni mikhnasayim. Mkasi ni misparayim, miwani mishkafayim. Baiskeli, chombo kilichokuja karne ya 19, imeitwa ofanayim, kutokana na ofan, gurudumu.

Yako pia maneno yanayofanana na uwili na si uwili. Mayim, maji, na shamayim, mbingu, huhesabiwa na wanaisimu wengi kuwa wingi wa mashina yanayoishia na y. Mji wa Yerushalayim, yaani Yerusalemu, nao una historia yake. Barua za Amarna, barua za kidiplomasia za karne ya 14 KK zilizofukuliwa Misri, zinauita mji huo Urusalim, bila -ayim. Katika Biblia ya Kiebrania yenyewe herufi yod ya -ayim imeandikwa mahali pachache tu. Kwingineko konsonanti zinaonyesha Yerushalem, na -ayim inasomwa kwa irabu ambazo Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walionakili Biblia, waliziongeza karne nyingi baadaye.