Homa ya Matumbo: Si Kila Homa ya Bondeni ni Malaria

Katika bonde la Kilombero, mtu akipatwa na homa, neno la kwanza midomoni mwetu ni malaria. Ni sawa kuiogopa na kuipima mapema. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria na homa ikaendelea, yatupasa kufikiria ugonjwa mwingine: homa ya matumbo, yaani taifodi.

Chanzo chake ni bakteria aitwaye Salmonella Typhi, ambaye makao yake ni mwili wa mwanadamu. Hutoka na kinyesi cha mgonjwa, kisha huingia kinywani mwa mwingine kwa maji, chakula au mikono michafu. Mahali kama Mofu, hatari huongezeka masika, mafuriko yanapopita vyooni na kuingia visimani. Huongezeka pia familia zinapohamia mashambani kulima na kulinda mpunga, zikikaa katika madungu yasiyo na choo na kunywa maji ya mto bila kuyachemsha.

Dalili huanza kwa kawaida wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Homa hupanda siku hadi siku, pamoja na kichwa kuuma, uchovu, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo, na kufunga choo au kuhara. Ikiachwa bila tiba, kufikia wiki ya 3 utumbo waweza kuvuja damu au kutoboka, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka.

Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki, lakini si kwa kubahatisha dukani. Kipimo cha Widal peke yake hakitoshi, kwa kuwa chaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha kupita; cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria wa damu katika maabara. Anayeacha dawa mara apatapo nafuu humpa bakteria nafasi ya kurudi, tena akiwa sugu. Tumbo likiwa gumu, au choo kikiwa cheusi au chenye damu, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, kati ya wagonjwa 100, wapatao 2 hadi 5 hupona lakini huendelea kubeba bakteria kwa mwaka na zaidi, pasipo dalili yoyote. Ndiyo maana wanaopika katika sherehe za ubatizo, kipaimara na ndoa hawana budi kunawa kwa sabuni watokapo chooni na kabla ya kushika chakula, hata wajionapo wazima.

Jumuiya zetu ndogondogo zaweza kuanza na jambo hili: kabla ya msimu wa kuhamia mashambani, kila kaya iandae sufuria ya kuchemshia maji, dumu safi lenye mfuniko, sabuni, na jembe la kuchimbia choo mbali na kisima.