Maji Yapitayo Juu ya Uso Uliopinda

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa huko Jinja, na nguvu ya mto Naili ikageuzwa kuwa umeme. Maji husukuma mapanga ya turbini, nayo hayakunyoka: upande mmoja umebonyea kama tumbo la kijiko, wa pili umebinuka kama mgongo wake. Je, maji hupita kwa namna moja pande zote mbili? Hasha.

Mwaka 1904 Ludwig Prandtl wa Ujerumani alieleza kwamba maji yagusayo kitu hushikwa nacho yasiende. Yaliyo juu yake huenda polepole, na ya mbali kidogo huenda kasi. Sehemu hiyo nyembamba huitwa tabaka la mpaka. Maji yake yakifuatana kwa utulivu, msuguano huwa mdogo. Yakivurugika, msuguano huzidi na nguvu hupotea.

Sasa tazama njia ikipinda. Kila kipitacho konani huelekea kutupwa nje, kama abiria katika basi, na kiendacho kasi hutupwa zaidi. Juu ya mgongo wa kijiko maji ya kasi yako nje tayari, na ya polepole yako ndani. Kila moja lipo mahali pake. Yaweza kuvurugika kwa sababu nyingine, lakini si kwa kupinda.

Katika tumbo la kijiko mambo hugeuka. Maji ya kasi yako ndani ya kona, na ya polepole yako nje, yamebanwa ukutani. Ni kama mafuta yaliyowekwa chini ya maji: hutafuta kubadilishana nafasi. Kizuizi ni mnato wa maji. Mkunjo ukiwa mkali na mwendo ukizidi, mnato hushindwa, na maji hujisokota katika mikondo mirefu kama kamba zilizolazwa sambamba, kila moja ikizunguka kinyume cha jirani yake. Henry Görtler, Mjerumani, aliyaonyesha hayo kwa hesabu mwaka 1940.

Katika turbini kubwa maji huenda kasi mno, hata sehemu kubwa ya tabaka hilo huwa imevurugika tayari. Hata hivyo sheria haikomi: upande uliobonyea huzidisha mvurugo, uliobinuka huupunguza. Basi fundi achoraye panga la turbini hana budi kuupigia kila upande hesabu yake, ili nguvu ya mto ifike katika nyaya isipotee njiani.