Thamani ya Mtihani wa Kitaifa wa Leseni kwa Madaktari Wapya: Mifano ya Marekani na Kanada

Ikisiri

Makala haya yanafafanua thamani ya mtihani wa kitaifa ambao daktari mpya hulazimika kuufaulu kabla ya kupewa leseni. Mifano imetolewa Marekani na Kanada, nchi ambazo mitihani ya aina hii imedumu kwa muda mrefu na imefanyiwa utafiti. Hoja kuu ni kwamba mtihani huo una thamani ya kweli, lakini thamani hiyo haivuki mipaka ya kile unachokipima wala ya uamuzi uliokusudiwa kuuongoza. Makala yanaonyesha pia kuwa mtihani wa stadi za kitabibu, ambao utafiti uliuhusisha na malalamiko ya wagonjwa, uliondolewa katika nchi zote mbili mwaka 2021.

Utangulizi

Shahada ya udaktari na leseni ya udaktari ni vitu viwili tofauti. Shahada hutolewa na chuo kikuu, nayo huthibitisha kuwa mwanafunzi amekamilisha mafunzo. Leseni hutolewa na mamlaka ya umma, nayo ni ahadi kwa mgonjwa kwamba atakayemhudumia amefikia kiwango cha chini cha umahiri. Mgonjwa hana uwezo wa kumpima daktari kabla ya kutibiwa. Hata baada ya kutibiwa, mara nyingi hawezi kujua kama madhara aliyoyapata yametokana na ugonjwa au na tiba. Hivyo lazima awepo mwingine wa kupima kwa niaba yake. Chuo kikiachiwa kazi hiyo peke yake, kinakuwa mwalimu na mtahini kwa wakati mmoja, ilhali sifa na mapato yake hutegemea wahitimu walewale.

Chimbuko la mtihani

Mgongano huo wa masilahi ulidhihirika nchini Marekani katika karne ya 19, wakati vyuo vingi vya udaktari viliendeshwa kibiashara. Mwaka 1882 jimbo la West Virginia lilipitisha sheria iliyomtaka tabibu awe na shahada ya chuo chenye sifa, au awe amefanya kazi jimboni kwa miaka 10, au afaulu mtihani. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani. Katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia ya mwaka 1889, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jimbo lina haki ya kuweka masharti hayo ili kuilinda jamii. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, iliyochunguza vyuo 155 vya Marekani na Kanada, ilianika udhaifu mkubwa wa mafunzo katika vyuo vingi. Baraza la Udaktari la Kanada liliundwa mwaka 1912, na Bodi ya Taifa ya Watahini wa Udaktari ya Marekani mwaka 1915.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marekani imekuwa ikitumia mtihani wa pamoja unaojulikana kwa kifupi kama USMLE. Mtihani huo una hatua tatu. Ya kwanza hupima sayansi za msingi za tiba, ya pili hupima maarifa ya kitabibu, na ya tatu hupima uwezo wa kuhudumia wagonjwa bila usimamizi. Leseni yenyewe hutolewa na kila jimbo, lakini kipimo ni kimoja. Mhitimu wa Makerere au wa Muhimbili anayetaka kufanya kazi huko hupimwa maarifa yake kwa mizani ileile anayopimiwa mhitimu wa Harvard. Kwa mhitimu wa chuo kisichofahamika ugenini, mizani hiyo ni kizuizi, lakini pia ni fursa ya kuhukumiwa kwa anachokijua badala ya jina la chuo chake.

Ushahidi wa thamani

Si rahisi kuthibitisha kuwa mtihani wa leseni huokoa wagonjwa. Nchi zenye mtihani hutofautiana na zisizo nao kwa mambo mengi, kama vile utajiri, mitaala na usimamizi wa hospitali. Aidha, anayeshindwa kabisa hapati leseni, kwa hiyo hakuna rekodi ya wagonjwa ambao angewatibu. Watafiti hulazimika kulinganisha waliofaulu kwa alama za juu na waliofaulu kwa alama za chini.

Tafiti mbili zinastahili kuangaliwa. Norcini na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walichunguza takribani wagonjwa 61,000 waliolazwa katika jimbo la Pennsylvania kwa maradhi ya moyo na kutibiwa na madaktari waliosomea nje ya Marekani. Kila alama moja ya ziada katika mtihani wa maarifa ya kitabibu iliambatana na upungufu wa asilimia 0.2 wa vifo. Nchini Kanada, Tamblyn na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2007, waliwafuatilia madaktari 3,424 waliofanya mtihani wa stadi za kitabibu kati ya mwaka 1993 na 1996. Waliopata alama ndogo katika mawasiliano na wagonjwa walilalamikiwa zaidi kwa mamlaka za udaktari miaka iliyofuata. Uhusiano huo ulibaki hata baada ya alama za mtihani wa kuandika kuzingatiwa. Maana yake ni kwamba mtihani wa stadi uliona jambo ambalo karatasi haikuliona.

Tafiti hizi zinaonyesha uwiano, hazithibitishi usababishi. Hata hivyo, zinatosha kukanusha dai kwamba alama za mtihani hazihusiani kabisa na kinachotokea wodini.

Alama zilipogeuzwa kazi

Mtihani wa leseni hujibu swali moja: je, mtahiniwa amefikia kiwango? Nchini Marekani, alama za hatua ya kwanza zilianza kutumiwa kujibu swali jingine, yaani nani achaguliwe kwa mafunzo ya ubingwa. Programu zilizopokea maombi mengi ziliwachuja waombaji kwa alama, ingawa tofauti ndogo kati ya watu wawili waliofaulu vizuri haikuwa msingi imara wa kuwatenganisha. Wanafunzi wengi waliegemea maandalizi ya mtihani na kupunguza uzito wa masomo ya darasani. Kuanzia tarehe 26 Januari 2022, hatua hiyo hutoa matokeo ya kufaulu au kushindwa tu. Mabadiliko hayo yaliurudisha mtihani kwenye kazi yake ya asili, lakini ushindani haukutoweka, kwa kuwa hatua ya pili iliendelea kutoa alama za tarakimu.

Kuondolewa kwa mtihani wa stadi

Kuanzia mwaka 2004, Marekani iliwataka watahiniwa kuwahudumia wagonjwa waigizaji 12 kwa siku moja, katika vituo vya miji mitano tu. Ada ilizidi dola 1,000, mbali na gharama za safari, na zaidi ya watahiniwa 9 kati ya 10 wa vyuo vya ndani walifaulu mara ya kwanza. Wakosoaji walihoji manufaa ya gharama hiyo. Mtihani ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na Januari 2021 ukafutwa. Juni mwaka huohuo, Kanada nayo ilifuta sehemu ya pili ya mtihani wake, ambayo ndiyo iliyopima stadi.

Hoja ya gharama ina uzito, lakini kiwango kikubwa cha ufaulu si ushahidi kamili kwamba mtihani haukuwa na kazi. Vyuo vingi viliimarisha ufundishaji wa stadi kwa sababu wanafunzi wangekutana na mtihani huo. Ulipoondolewa, upimaji wa stadi za wahitimu wa ndani ulirudi mikononi mwa vyuo vyenyewe, hali ambayo mtihani wa kitaifa ulikusudiwa kuirekebisha.

Hitimisho

Thamani ya mtihani wa kitaifa wa leseni imo katika mambo matatu: uhuru wa mtahini, usawa wa mizani, na ukaribu wa kinachopimwa na kazi halisi ya daktari. Uzoefu wa Marekani na Kanada unaonyesha kuwa jambo la tatu ndilo ghali zaidi kulitekeleza. Nchi inayobuni au kurekebisha mtihani wake haina budi kuamua mapema nani atakayegharimia upimaji wa stadi, kwa kuwa ada ikiachwa kwa mtahiniwa peke yake, sehemu hiyo huwa ya kwanza kulalamikiwa na kuondolewa, na hasara humwangukia mgonjwa asiyeweza kumpima daktari wake.