Shamba la mikorosho Rutamba, Lindi: unanunua nini hasa?

Karatasi yenyewe huwa imechanwa kwenye daftari la mistari. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa HATI YA MAUZIANO YA SHAMBA. Chini yake: mimi fulani, mkazi wa Rutamba, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, nimemuuzia fulani wa Dar es Salaam shamba langu lenye mikorosho themanini. Mashariki limepakana na shamba la mzee fulani, magharibi njia ya kwenda ziwani, kusini mkondo wa maji. Kisha mashahidi wanne, wawili kati yao kwa dole gumba, na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji uliokaa upande.

Ukiniletea karatasi hiyo, sitaanza na bei. Nitauliza: muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uko wapi?

Wanunuzi wengi hushangaa, kwa sababu wanaamini wamekwisha kununua ardhi. Tanzania hakuna anayenunua ardhi kwa maana hiyo. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 1, 2001, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kinachohama kutoka mkono hadi mkono ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Haki hiyo ina aina zake, na masharti ya kuihamisha hutegemea aina. Mnunuzi asiyejua ananunua haki ya aina gani hawezi kujua ni nani alipaswa kuridhia mauzo yake.

Mashamba mengi ya Rutamba yako kwenye ardhi ya kijiji na yanashikiliwa kwa hakimiliki ya kimila, yawe yameandikiwa hati au la. Haki hii kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo wa miaka, hurithiwa, na huuzwa. Lakini kumuuzia mtu wa nje kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake si halmashauri. Halmashauri ni wajumbe 15 hadi 25, wanakaa kikao, wanaandika muhtasari. Na si mhuri tu wa kupitisha: sheria inaitaka iangalie kama mauzo yatamnyang'anya mwanamke haki yake, na inaipa nguvu ya kukataa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la kutoka Tanga la mwaka 2019, ilishikilia kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu. Mnunuzi alikuwa na karatasi, lakini hakuwa na baraka ya kijiji.

Hapo hapo nigusie ile "asilimia kumi" ambayo baadhi ya viongozi huidai kwenye kila mauzo. Kijiji kinaweza kutoza ada zake kwa utaratibu na kwa risiti. Asilimia kumi ya bei inayoingia mfukoni mwa mtu, sheria hizi mbili haziijui.

Rutamba ina tabaka za historia zinazofanya swali la "shamba hili lilikuwa la nani" liwe gumu kuliko linavyoonekana. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilifungua hapa makazi ya wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakikimbia vita ya ukombozi. Walifyeka, wakalima, wakapanda. Baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi kwao. Miaka hiyo hiyo ikapita Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kukusanya watu vijijini; watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi ya zamani, wakaacha mahame yenye miembe na minazi ya babu zao. Leo mjukuu anakuja na kusema: pale ni kwetu, mwembe ule aliupanda babu.

Jibu la sheria kwake ni kali, na mimi naliona kali mno kwa baadhi ya familia, lakini lipo wazi. Ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa Operesheni Vijiji kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 umethibitishwa kuwa halali, hata kama wakati ule haukufuata sheria, na haki za waliokuwapo kabla zilifutika. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na simulizi ya babu. Aulize muuzaji alipataje: aligawiwa na kijiji, alirithi kwa aliyegawiwa, au anauza hame? Kama alirithi, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo iko wapi, na ndugu wengine wanasemaje? Kama ana mke au mume, ridhaa yake ipo kwa maandishi? Kwenye nyumba ya ndoa hasa, ridhaa hiyo si hiari.

Halafu kuna mikorosho. Pwani hii mtu huhesabu mali yake kwa miti, na mtu anaweza kuweka rehani minazi ishirini bila kugusa ardhi iliyo chini yake. Mazoea haya yana mizizi katika sheria ya zamani: kabla ya mageuzi ya miaka ya 1990, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani ya kuuzwa, maendelezo ndiyo yaliyouzwa, na mti ni maendelezo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 iliikubali ardhi yenyewe kuwa na thamani, lakini lugha ya mikataba haijabadilika. Karatasi inayosema "mikorosho themanini" tu inaacha mwanya: je, miti au shamba? Na kama miti kumi kati ya hiyo iko rehani kwa jirani, nani anavuna msimu ujao? Andika eneo kwa ekari au hekta, andika mipaka, kisha taja miti na uandike kwamba haina rehani. Tembea mpaka na majirani wenyewe, si na dalali. Upande wa Msitu wa Hifadhi wa Litipo uwe mwangalifu zaidi, maana ardhi ya hifadhi haiuziki hata kijiji kizima kikiridhia. Na kusajiliwa kama mkulima wa korosho ili kupata pembejeo si hati ya shamba.

Kiwanja chenye hati mjini Lindi kina hesabu nyingine. Hapo haki imetolewa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Soma tarehe ya kuanza, kwa sababu hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inaisha 2028, na bei ya leo inapaswa kulijua hilo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani ya benki au zuio, na dai risiti za kodi ya ardhi.

Wengine hawataki kununua, wanataka kukodi ili walime ufuta. Kwenye ardhi ya kijiji, mkodishaji na mkodi hawamalizani peke yao. Maombi yasiyozidi hekta 5 na miaka 5 huamuliwa na halmashauri ya kijiji. Yakizidi hapo hadi hekta 30 au miaka 10, Mkutano Mkuu wa Kijiji lazima uyathibitishe. Juu ya hapo huhitajika pia ushauri wa Kamishna wa Ardhi. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, tena kwa haki isiyo ya moja kwa moja.

Kwa nini ngazi hizo? Tazama Kilwa. Kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata kama hekta 34,000 za vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe ili kulima mbono. Ardhi ilihamishwa kutoka ya vijiji kuwa ya jumla ndipo ikakodishwa, na sehemu kubwa ya fidia, asilimia 60, ilibaki halmashauri ya wilaya. Mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Ardhi haikurudi yenyewe vijijini, kwa sababu mbele ya sheria haikuwa tena yao. Wanakijiji wengi waliamini wamekodisha kwa muda.

Mgogoro ukizuka, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na wanawake wasiopungua watatu. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12.